Kona ya Yaya: Mpini wa Saa Sita

Mdogo wangu wa Furu, barua yako imenifikia. Kijana wa moto, yaani wa pikipiki, aliyenikabidhi aliniambia umemsihi mara mbili asiipoteze, na kweli ameileta salama, imekunjwa mara nne ndani ya kimfuko cha chumvi. Niliisoma jioni ile, nikairudia alfajiri kabla ya kwenda shamba, na mara ya tatu niliisoma nikiwa nimekaa juu ya tuta la viazi. Jina lako sitalitaja. Maswali yako nitayataja, maana najua wako wengine Butembo, Beni na hapa Musienene wanaoyabeba hayo hayo kimya kimya. Na kwa wasomaji wa mbali: huku kwetu yaya ni dada mkubwa. Basi hii ni kona ya dada mkubwa. Sogeeni.

Unasema una miaka 23. Umekulia katika nyumba ya Kikatoliki, mama yako anaimba kwaya ya parokia, nawe tangu miaka miwili iliyopita umekuwa Mbaha'i. Unaandika hivi: “Yaya, Machi inakuja. Tunaambiwa Naw-Ruz ni mwaka mpya wa majira ya kuchipua, theluji inayeyuka na maua yanatoka. Mimi nje naona mvua na matope. Mama anasema nimeacha dini ya nyumbani nikafuata ya Waajemi, na siku ile hatakula kwangu. Mchumba wangu si Mbaha'i, na wajomba zake wameshaanza kutengeneza kasiksi ya mahari. Juu ya hayo, watu wanakimbia vita kila mwezi. Mimi nipike, nivae kitenge kipya, nifurahi? Nitaanzia wapi?”

Tuanzie kwenye theluji. Theluji pekee tunayoijua sisi ni ile ya Ruwenzori, ambayo mtu wa Beni akibahatika asubuhi isiyo na mawingu huiona iking'aa upande wa mashariki. Iko kule juu Januari, iko kule Julai. Haimtangazii mtu mwaka mpya. Kwa hiyo usijilazimishe kuimba maua ya nchi usiyoijua. Mimi nilijilazimisha miaka ya mwanzo. Nilikata maua ya karatasi nyekundu, nikayabandika ukutani sebuleni, na mtoto wangu wa kwanza akaniuliza: mama, haya ni maua ya mti gani? Sikuwa na la kumjibu, na lile swali lilikaa nami muda mrefu.

Naw-Ruz ni Kiajemi, maana yake siku mpya. Waajemi waliisherehekea karne nyingi kabla ya dini yetu kuzaliwa, nasi tumeipokea kama siku takatifu inayofunga mfungo na kufungua mwaka. Miaka yetu tunaihesabu tangu 1844, mwaka ambao yule kijana wa Shiraz tunayemwita Bab alitangaza ujumbe wake. Mwaka una miezi 19 yenye siku 19 kila mmoja, na siku nne au tano zinazobaki tunaziita siku za Ha, siku za ukarimu. Mwaka wa 183 utaingia tarehe 21 Machi 2026, na kwa kuwa siku yetu huanza jua linapozama, utaingia jioni ya Ijumaa tarehe 20.

Umewahi kujiuliza kwa nini mwaka mmoja ni tarehe 20 na mwaka mwingine ni 21? Ni kwa sababu Naw-Ruz inafuata jua lenyewe. Inafuata saa ile jua linapovuka ikweta likitoka kusini kwenda kaskazini, na machweo ya Tehran ndiyo kipimo. Likivuka kabla ya machweo ya kule, siku hiyo ndiyo Naw-Ruz. Likivuka baada ya hapo, ni kesho yake. Zamani Wabaha'i wa nchi nyingi walishika tarehe 21 tu, lakini tangu 2015 dunia nzima tunakwenda kwa kipimo kimoja.

Sasa nisikilize vizuri. Ikweta. Inapita wapi? Inapita kati ya Butembo na Lubero. Ukipanda gari Butembo, ukapita Musienene kuelekea Lubero, umeivuka hata kama ulikuwa umesinzia juu ya mabegi. Siku ambayo jua la dunia nzima linavuka mstari wake, mstari wenyewe uko hapa, kwenye makabichi yetu.

Mwaka jana nililitazama kwa macho yangu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 20 Machi 2025, na jua lilitakiwa kuvuka saa tano na dakika moja mchana kwa saa zetu. Nilikuwa na mpini wa jembe uliobaki bila jembe, unanifika kifuani. Nikauchimbia wima katikati ya uwanja, pale ambapo udongo umekanyagwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Saa nne kivuli chake kilikuwa kimelala upande wa magharibi, urefu wa mkono wangu, kinagusa jiwe la kunolea visu. Saa tano kilikuwa kimebaki shubiri moja na nusu. Watoto wakaanza kuweka alama kwa makaa, kila mmoja akitaka ya kwake. Jirani yangu, mama mzee, Mkatoliki tangu ubatizo, alikuwa anapeta maharagi upande wa pili wa ua. Akaja na ungo wake mkononi kuuliza tumepoteza nini.

Saa sita na dakika kama kumi, kivuli kiliisha. Kiliingia ndani ya mpini. Palibaki duara jeusi kwenye shina, pana kama mpini wenyewe, hakuna mashariki wala magharibi. Watoto walitazama miguu yao, wakakuta vivuli vyao viko chini ya nyayo. Yule mama akainua ungo juu ya kichwa chake, akaangalia chini namna kivuli cha ungo kilivyomfunika mwili mzima, akasema polepole: “Jua liko utosini.” Hakuna aliyemjibu. Halafu upande wa pili wa mpini kikatoka kivuli kipya, chembamba kama uzi.

Maua ya karatasi niliyatoa ukutani siku hiyo hiyo. Waajemi wanaitambua siku mpya kwa maua kwa sababu baridi yao ndipo inapokwisha. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanaipata mvua zao zikielekea ukingoni. Sisi wa mstarini tunaipata jua likiwa limesimama sawasawa juu ya vichwa vyetu, halijaegemea kwa mtu wa kaskazini wala wa kusini. Na angalia mkono wa kila mama unayekutana naye njiani mwezi wa tatu: umeshika jembe. Ni masika, ni wakati wa kupanda maharagi. Mbegu zilizokaa miezi juu ya moshi wa jiko zinashushwa, zinachambuliwa moja moja juu ya mkeka, zilizotobolewa na wadudu zinatupiwa kuku. Mdogo wangu, unaniambia huku hakuna majira ya kuchipua? Subiri wiki moja baada ya kupanda, uiname kwenye tuta asubuhi ukungu ukiwa bado mzito, utazame haragi linavyopasua udongo huku limebeba ganda lake kichwani.

Kabla ya siku hiyo kuna mfungo, na hapa nina neno la kukuonya, maana nimekuona kwenye barua yako unavyosema utafunga “hata nikianguka”. Mfungo ni siku 19, mwaka huu kuanzia tarehe 2 hadi 20 Machi, bila kula wala kunywa tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Siku hizo karibu na ikwinoksi mchana unakaribiana urefu duniani pote, kama saa kumi na mbili, kwa hiyo Mbaha'i wa Norway na wa Musienene wanakaribia kulingana njaa. Mimi hilo linanigusa kila mwaka. Wanaofungwa na sheria ni wenye miaka 15 hadi 70. Mgonjwa ameachiwa. Mjamzito na anayenyonyesha wameachiwa, na mwanamke aliye katika siku zake vilevile. Msafiri ameachiwa, hata wa miguu akizidisha saa mbili. Anayefanya kazi nzito ameachiwa pia, ila ale kwa kiasi na kwa faragha, kwa heshima ya siku zile.

Mwaka mmoja nilikuwa nanyonyesha mtoto wangu wa pili. Mtu aliniuliza kama dini yangu ina mfungo wa kweli au wa mdomo, nami nikaumia, nikafunga ili aone. Siku ya tano nilikuwa napanda kutoka mtoni na kidumu cha lita 20 mgongoni, kamba imenikaza paji la uso kama tunavyobeba sisi, nikaona miti inageuka rangi. Nilizinduka nimelala ubavuni kwenye matope, maji yote yamemwagika, na shangazi yangu amenishikilia kichwa. Hakunigombeza. Alinipeleka nyumbani, akanichemshia uji wa soya, akakaa mlangoni hadi nilipoumaliza. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa nimemfungia yule mtu. Mungu hakuwa ameniomba njaa ya mtoto wangu. Nawe kama kazi yako ni kubeba mizigo Furu tangu asubuhi, soma sheria yote, ile ya kufunga na ile ya kuachiwa, uitii yote.

Ukiwa na nafasi ya kufunga, amka mapema. Chemsha uji usiku, uufunike kwa blanketi ya zamani, alfajiri utaukuta na joto. Viazi vya jana vinatosha. Usijipikie makayabu asubuhi, kiu yake itakufuata hadi jioni. Dakika zile kabla ya jua, nyumba ikiwa kimya na majogoo yakiitana kutoka kilima hadi kilima, ndizo ninazozitamani mwaka mzima. Mwaka jana tulifunga wengi pamoja: mwenye duka la pembeni alikuwa kwenye Ramadhani, mama wa ungo kwenye Kwaresima, mimi kwenye siku zangu 19. Jioni mwenye duka alinipa tende tatu nimpelekee yule mama, na mama akamtumia marakuja. Mwaka huu imeangukia hivyo tena. Hivi ninapoandika Kwaresima imeanza, na Waislamu wameingia kwenye mfungo wao.

Tuje kwa mama yako. Hapa nitakaa.

Umeandika maneno makali kwamba atakapokataa chakula chako utajua “amechagua”. Futa hayo maneno moyoni. Kwanza nikukumbushe sheria uliyoikubali mwenyewe ulipoingia. Mbaha'i haolewi bila ridhaa ya wazazi wote walio hai, wa upande wake na wa upande wa mwanamume, wawe wa dini yoyote. Mchumba wako kuwa si Mbaha'i hakukatazwi. Lakini mama yako asiposema ndiyo, hakuna ndoa. Wengine huiona sheria hii ni kamba ya kufungia vijana. Mimi nimeolewa chini yake, na naiona ni njia ya kumrudisha binti mlangoni kwa mama yake hata wakiwa wamekasirikiana, kwa sababu hawezi kupita pembeni. Baba yangu alikaa miezi minane bila kunijibu. Nilikwenda kila Jumapili alasiri. Nilimfulia, nilimsomea barua za kaka yangu wa Kisangani, sikutaja harusi. Mwezi wa tisa yeye ndiye aliyeitaja.

Kuhusu “dini ya Waajemi”, nikupe ya kujua, halafu nikuambie la kufanya nayo. Ni kweli, Baha'u'llah, mwanzilishi wa imani yetu, alizaliwa Tehran mwaka 1817, akafukuzwa nchi hadi nchi, akafariki 1892 karibu na Akka akiwa bado mfungwa. Lakini dini inafika mahali kwa miguu ya watu. Mapadri Waasumpsionisti nao walifika nchi hii ya Beni na Lubero mwaka 1929, na Injili waliyoihubiri ilikuwa imezaliwa mbali na Ulaya walikotoka. Imani yetu nayo ilipita Kongo hii ikiwa na uso wa Mwafrika. Mwaka 1953 Enoch Olinga, Mteso wa Uganda, aliondoka Kampala kwa gari pamoja na wenzake, wakaikata Kongo ya Wabelgiji na misitu yake hadi akafika Kameruni, akabaki kule kufundisha. Alikuwa hana hata miaka 30.

Nimefika kwenye kaburi lake. Nilimsindikiza binamu yangu aliyekuwa anakwenda Kampala kununua bidhaa, tukavuka mpaka wa Kasindi, na siku mzigo ulipokuwa unafungwa nikapanda kilima cha Kikaaya peke yangu. Hekalu lile limefunguliwa tangu Januari 1961, la kwanza la Wabaha'i Afrika. Lina pande tisa, na ndani hakuna mimbari, hakuna sanamu, hakuna anayehubiri. Yanasomwa maandiko matakatifu ya dini mbalimbali, sauti zinaimba bila ala. Serikali ya Amin iliipiga marufuku dini yetu mwaka 1977, na marufuku ilipoondoka Olinga alikuwa wa mbele kuwakusanya watu tena. Septemba 1979 aliuawa nyumbani kwake pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Amezikwa pale pale kwenye viwanja vya hekalu. Nilisimama nikawaza Beni yetu, nikawaza nyumba nilizozijua zilizomalizwa usiku mmoja, na sikuweza kusali kwa maneno. Nilikaa kwenye nyasi hadi binamu yangu alipopiga simu.

Sasa la kufanya na hayo yote: usimwambie mama yako hata moja. Ya 1929 hasa usiiguse. Ni kweli, na itamchoma. Yajue ili moyo wako utulie anaposema wewe ni wa Waajemi, uweze kumsikiliza bila kuruka. Mama yako haogopi Tehran. Anaogopa kwamba atakapokufa hutakuwepo kumwombea, na kwamba Krismasi kiti chako kitakuwa wazi. Hilo unaweza kumjibu leo. Mwambie Yesu hujamwacha, maana sisi tunamwamini ametoka kwa Mungu, na sijui Mbaha'i anayeruhusiwa kumdharau. Kwaya yake ikiimba Pasaka, nenda ukae kwenye benchi umsikilize. Hakuna sheria yetu itakayovunjika. Na siku ya Naw-Ruz usimngoje aje kwako. Beba sufuria uende kwake, na ndani ya sufuria weka chakula chake anachokipenda, si cha kumwonyesha kwamba una sikukuu. Ukiniuliza mimi, ningempikia sombe yenye karanga nyingi.

Kasiksi, ile pombe ya ndizi, nitaipitia haraka, ni jambo dogo kuliko unavyoliogopa. Sisi hatunywi pombe, basi. Kosa la vijana wetu ni kungoja hadi kibuyu kinawafikia mbele ya wazee ndipo wanaanza kueleza dini. Mzee anaona amekataliwa mkono. Mtafute mjomba mkubwa wa mchumba wako wiki moja kabla, umpigie magoti kama desturi, umwambie faraghani. Kibuyu kikifika, kipokee kwa mikono miwili, inamisha kichwa, umpitishie anayefuata. Peleka ndoo ya marakuja yenye tangawizi, utashangaa watakavyokuja akina mama kuichota. Waadventisti wa Lukanga wamekaa nasi miaka yote hawanywi, na Jumamosi hawauzi, na hakuna aliyewakosesha mbuzi wa mahari kwa sababu hiyo. Hapo hapo nijibu swali la wasomaji wengine, kama sikukuu hii tunaacha kazi: ndiyo, Naw-Ruz ni moja ya siku tisa takatifu ambazo tunaacha kazi. Mwaka huu ni Jumamosi. Ukiwa muuzaji sokoni, waambie wateja wako mapema, uza zaidi Ijumaa, na siku hiyo funga meza. Anayekuheshimu atarudi Jumatatu.

Swali lako la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Kufurahi, na watu wako njiani na magodoro vichwani.

Tangu miji ya Kanyabayonga na Kirumba ilipochukuliwa vitani, mwishoni mwa Juni 2024, tumepokea watu huku juu. Unajua mwenyewe, nyumba ya vyumba viwili inalala watu kumi na wanne. Februari ya mwaka jana, siku za Ha zilipokaribia, tulikutana kwenye Karamu yetu, ile tunayofanya kila mwanzo wa mwezi wa Kibaha'i. Ina sala kwanza, halafu mashauriano, halafu chai. Tulikuwa watu tisa na watoto. Mmoja alisema mwaka huu tusifanye kitu, tufunge na kulia. Mwingine akasema tuchange faranga tununue mbuzi tuwape wakimbizi wale siku moja. Tulibishana. Babu zetu walikaa kwenye kyaghanda, kibanda cha baraza, wanaume kuzunguka moto, wakashauriana, na mwanamke alilisikia neno likiwa limeshaamuliwa. Katika mashauriano yetu neno ukishalitoa si lako tena, linakuwa la wote, na binti wa miaka 16 anaweza kuligeuza. Ndivyo ilivyokuwa. Binti mmoja akauliza: kuna aliyewauliza wenyewe?

Nilitumwa mimi. Katika ua wa jirani palikuwa na mama kutoka Kirumba, ana watoto watano na mkwe mgonjwa. Nilikaa naye tukimenya viazi, nikamuuliza tungemfanyia nini siku za ukarimu. Nilidhani atasema unga, au nguo, maana usiku huku ni baridi kuliko kwao. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasema: “Mbegu. Nipe gudulia moja la mbegu ya maharagi, na mahali pa kupanda. Nimechoka kupokea kilichopikwa.”

Tulikusanya mbegu. Mama wa ungo, ambaye hakuwa kwenye Karamu wala si wa dini yetu, alitoa gudulia mbili, na mwenye duka akatoa jembe kwa mkopo usioandikwa. Mzee mmoja akaazima kipande cha shamba nyuma ya shule. Pesa zilizobaki hatukununua mbuzi. Tulilipa minervali, yaani ada ya shule, ya muhula ya binti yake mkubwa, kwa sababu shule ya msingi imekuwa bila malipo tangu 2019 lakini sekondari bado inalipiwa, na Maandiko yetu yanasema kama mzazi hawezi kuwasomesha wote, binti atangulie, maana yeye ndiye atakayekuwa mwalimu wa kwanza wa watoto wake. Baadhi ya wanaume walinung'unika kuhusu hilo. Mimi sikunung'unika, na nitalisema kila mahali nitakapopewa nafasi.

Alhamisi ile ya mpini na kivuli, yule mama wa Kirumba alikuwepo uwanjani. Jioni alikula nasi: bukari, sombe, maharagi, na samaki wadogo wa ziwani. Watoto wake waliimba nyimbo za kwao. Alicheka mara moja, mtoto wake wa mwisho alipojaribu kuruka nje ya kivuli chake akashindwa. Halafu akaingia ndani ghafla, nikamfuata, nikamkuta analia kwenye giza la jiko. Nilimshika tu. Kisha akanawa uso, tukarudi nje, akaomba wimbo uanzwe tena. Kwa hiyo ukiniuliza kama inafaa kufurahi, nakuambia kile nilichokiona. Hakuniomba nizime wimbo kwa ajili yake.

Maharagi yake aliyavuna katikati ya mwaka. Alirudisha gudulia tatu kwa mama wa ungo, ambaye alikuwa amempa mbili.

Basi tarehe 21 Machi fanya hivi. Asubuhi nenda kwa mama yako na sufuria. Usiseme heri ya mwaka mpya kama asipotaka kuisikia. Msaidie kazi aliyonayo, hata kama ni kuchambua mbegu siku nzima, maana kumsaidia mama si biashara. Ikikaribia saa sita, chimbia mpini uwanjani kwake, utafute kipande cha makaa. Mwite. Mwambie ni jambo la jua tu, na ni kweli, ni jambo la jua. Alama ya mwisho muachie aiweke yeye, pale kivuli kinapoingia ndani ya mti. Saa ile ile mimi nitakuwa uwanjani kwangu hapa Musienene na mama wa ungo, kama Mungu atatufikisha. Halafu uniandikie alisema nini. Yule kijana wa moto ni mwaminifu, mpe tena.